Ziwa liko hapo chini, mbona Kampala inalipia maji?

Ukisimama Ggaba, kusini mwa Kampala, Ziwa Victoria limetandaa mbele yako mpaka macho yachoke. Hapo ndipo Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, linapovuta sehemu kubwa ya maji ya jiji. Basi swali ni la haki kabisa: ziwa ni la wote na shirika ni la serikali, bili inatoka wapi?

Wengi hujibu kwamba bili ni kodi ya pili. Hazina inaligharamia shirika, kisha mwananchi anatozwa tena. Hata sisi tunaofuatilia mambo ya maji tuliwahi kuliamini jibu hilo, na si kweli. Mishahara, umeme, dawa za kusafishia na matengenezo ya kila siku hulipwa kwa fedha za bili. Miradi mikubwa ndiyo hujengwa kwa mikopo na misaada, kwa sababu makusanyo ya mwezi hayawezi kusimamisha mtambo kama ule wa Katosi, Mukono, uliosanifiwa kutoa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Huko fedha zimetoka kwa wakopeshaji na wafadhili wa Ulaya. Kodi halisi iliyomo kwenye bili ni VAT ya asilimia 18, nayo huandikwa mstari wake peke yake.

Kuna kosa la pili, na hili linaumiza zaidi: kudhani kwamba bei ya jerikani mtaani ndiyo bei ya shirika. Kwa miaka kadhaa bei rasmi ya bomba la umma ilikuwa shilingi 25 kwa jerikani ya lita 20, VAT ikiwemo. Uniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani jerikani 50, kwa hiyo uniti nzima ilikuwa shilingi 1,250. Muuzaji akikutoza 200, uniti ile ile imekuwa 10,000. Tofauti hiyo hugawanywa na msimamizi wa bomba, mwenye kiwanja na kijana wa baiskeli au bodaboda anayeibeba. Mwenye bomba nyumbani hulipa kwa uniti bei ya juu kuliko ile ya bomba la umma, lakini bado ni nafuu kuliko ya mtaani. Ndiyo maana bomba la umma la kulipia kabla, lenye tokeni, lina maana kubwa kwa mpangaji wa mtaa kama Bwaise, Kampala: anakutana na bei rasmi bila mtu katikati.

Sasa tupande kilima. Kampala ni jiji la vilima, na maji hayapandi yenyewe. Kutoka Ggaba husukumwa hadi kwenye matangi ya Muyenga, zaidi ya mita 100 juu ya ziwa, ndipo yateremke kwa uzito wake hadi majumbani. Fikiria umebeba jerikani moja ya kilo 20 kutoka ufukweni mpaka kileleni. Utafika umelowa jasho, lakini kwa umeme kazi hiyo ni ndogo: chini kidogo ya wati-saa 6. Rudia mara 50 upate uniti moja ya maji, ni takriban 0.27 ya uniti ya umeme (kilowati-saa). Hakuna pampu isiyopoteza nguvu. Ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 65, inafika 0.42. Tukichukua umeme wa shilingi 400 kwa uniti, kwa ajili ya hesabu tu, hiyo ni shilingi 168. Msuguano ndani ya bomba refu huongeza zaidi.

Mpaka hapo mzigo unabebeka. Gharama hupanda kwenye uvujaji. Chukua mchuuzi anayeleta mikungu 30 ya matoke kutoka Mbarara, 10 ikaozea njiani. Ameshalipia lori kwa mikungu 30, naye atarudisha nauli kutoka kwenye 20 iliyobaki. Shirika likipoteza theluthi ya maji, lazima lisukume uniti moja na nusu ili liuze moja, na zile shilingi 168 zinakuwa 252. Dawa zimetiwa kwenye maji yote, pamoja na yale yaliyomwagika. Upotevu huu si mabomba yaliyopasuka tu. Kuna maunganisho ya wizi, na kuna mita zilizochakaa zinazohesabu pungufu.

Shirika lilianzishwa mwaka 1972 likihudumia Kampala, Jinja na Entebbe. Kufikia 1998 zaidi ya nusu ya maji yake hayakuleta fedha, na lilikuwa na wafanyakazi wapatao 36 kwa kila wateja 1,000. Chini ya mkurugenzi mtendaji William Muhairwe, kwa mipango kama ule wa siku 100, idadi hiyo ilishuka hadi 7 hivi baada ya miaka kumi, huku wateja wakitoka takriban 50,000 na kuvuka 200,000. Hakuna aliyeligusa ziwa. Kilichobadilika ni mita, ankara, ukusanyaji na ufukuzaji wa mivujo, na kwangu hilo ndilo jambo la kuvutia kuliko yote hapa.

Bili ikipanda ghafla, wengi huilaumu hewa iliyomo kwenye bomba. Ni kweli, maji yakirudi baada ya mgao hewa inaweza kuigeuza mita, lakini kwa muda mfupi, na ni nadra kuwa sababu ya bili kuongezeka maradufu. Mara nyingi tatizo liko upande wako wa mita. Funga mabomba yote, kisha tazama kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanatoka mahali. Pima kwa tarakimu nyekundu, zinazohesabu lita: lita moja kila dakika 3 ni lita 480 kwa siku, jerikani 24, zaidi ya uniti 14 kwa mwezi. Anza na tangi la choo. Tia rangi kidogo ndani yake, usubiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechakaa. Isipoonekana, na maji yanamwagika kwenye bomba la kutolea maji ya ziada ndani ya tangi, floti, lile boya linalofunga maji tangi likijaa, ndiyo ya kubadilishwa.