Eksirei safi haimaanishi kwato za farasi ni nzima

Wafugaji wengi wa farasi wanaamini eksirei ikionyesha mfupa wa ndani ya kwato haujazunguka kutoka mahali pake basi farasi hana laminaitisi, ule ugonjwa wa kwato unaoleta maumivu makali, arudi tu malishoni. Inaeleweka, picha unaiona kwa macho. Ila ugonjwa huu unaanzia kwenye tishu laini zinazoushikilia mfupa kwenye ukuta wa kwato, na hizo eksirei ya kawaida haizionyeshi, inaonyesha mfupa na vile umekaa, kwa hiyo siku za mwanzo farasi anaweza kuwa na maumivu makali na picha ikatoka kawaida kabisa.

Tena mfupa unaweza kushuka chini bila kuzunguka hata kidogo, hapo ndo wengi wanapitwa.

Ukipewa picha ya ubavuni, angalia uso wa mbele wa mfupa na ukuta wa mbele wa kwato, vinatakiwa viende karibu sambamba, halafu muulize daktari wa mifugo unene wa unyayo chini ya ncha ya mfupa. Kisha wewe mwenyewe mguse farasi: kwato ina joto, mapigo juu yake yanadunda kwa nguvu, anaegemea nyuma kuikwepesha miguu ya mbele? Kama ndiyo, mtoe kwenye majani mabichi umwite daktari, hata kama picha ya juzi ilikuwa safi.