Sataranji ya Kompyuta: Yasemwayo Barazani na Yalivyo

Alasiri pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, wazee wako kwenye bao na dhumna, nasi pembeni tumetandika ubao wa sataranji. Kijana mmoja ameegemeza simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake Stockfish, programu ya kucheza sataranji, inamsubiri. "Maalim, bando limekwisha. Leo naifunga." Dakika ishirini baadaye mfalme wake alikuwa kabanwa, hana pa kwenda.

Dhana: Bila intaneti programu haina akili, maana akili iko kwenye mitambo mikubwa ng'ambo.

Ukweli: Akili yote imo ndani ya simu. Nadhani dhana hii ni masalio ya Deep Blue, mtambo wa IBM uliomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997 huku ukipekua mipangilio ya kete milioni 200 kwa sekunde. Lakini mwaka 2009 Pocket Fritz 4, ikicheza ndani ya simu ya mkononi, ilitwaa ubingwa wa mashindano kule Buenos Aires kwa alama 9.5 katika michezo 10. Ilipekua mipangilio isiyofika 20,000 kwa sekunde. Kilichokua ni ujuzi wa kutambua njia isiyofaa hata kutazamwa.

Dhana: AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, ilijifunza sataranji kwa saa 4 tu, ikazimaliza programu zote.

Ukweli: Hii huniuma, kwa sababu inafuta jasho la watu wengi. Ni kweli Desemba 2017 DeepMind walitangaza kwamba AlphaZero imecheza michezo 100 na Stockfish 8: ikashinda 28, sare 72, haikufungwa hata mmoja. Na kweli ilipewa sheria tu, ikajifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Ila ndani ya saa hizo zilifanya kazi chipu maalumu 5,000. Ni sawa na kusema jahazi la Matondoni limeundwa kwa siku moja, usitaje mafundi walikuwa wangapi.

Programu yenyewe haikutolewa kwa umma. Njia yake ndiyo iliyoandikwa, na mwaka 2018 watu wa kujitolea wakaifuata, kila mmoja akiazima nguvu za kompyuta yake, wakaunda programu yao, Leela. Mwaka 2019 Leela ikaifunga Stockfish katika fainali ya TCEC, mashindano ya programu za sataranji.

Stockfish haikufa. Tangu 2013 kila badiliko linalopendekezwa huchezeshwa maelfu ya michezo dhidi ya toleo lililopo, na lisipothibitisha faida hutupwa. Kisha msaada ukatoka Japani: Yu Nasu alikuwa amebuni, mwaka 2018, mtandao wa neva mwepesi, yaani programu inayojifunza kwa mifano kupima nani yuko mbele, kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Stockfish 12 ikaupokea Septemba 2020. Kilichomfunga kijana wetu ni kazi ya wapinzani waliosomana.

Dhana: Kompyuta zimeshaumaliza mchezo.

Ukweli: Bado. Jibu kamili, yaani matokeo wote wasipokosea, linajulikana zikibaki ubaoni kete 7 kushuka chini, wafalme wakiwemo. Mchezo huanza na kete 32. Iliyomalizwa ni dama ya sheria za Kiingereza, mwaka 2007: wote wasipokosea, ni sare.

Kijana akaiondolea simu malkia wake, akapanga upya. Adhana ya magharibi ilipolia zilikuwa zimebaki kete 7, nyingi ni zake, naye kashika kidevu hajui amalizie vipi.