Doa Kubwa Jekundu: dhoruba isiyo na pwani ya kufia

Dhoruba za sayari za gesi ni mizunguko mikubwa ya upepo na mawingu inayoweza kudumu miaka mingi, hata zaidi ya karne, kwenye sayari zisizo na ardhi ya kukanyaga. Maarufu kuliko zote ni Doa Kubwa Jekundu la sayari ya Mshtarii, linalofuatiliwa na wanaanga mfululizo tangu karne ya 19.

Wengi huliita kimbunga, na hapo ndipo tunapopotoka. Kimbunga cha Bahari ya Hindi kina mgandamizo mdogo wa hewa katikati, hula joto la bahari, na kikipanda nchi kavu hukata roho. Freddy ya mwaka 2023, iliyovuka bahari kutoka upande wa Australia hadi Msumbiji, iliishi zaidi ya mwezi, na watu wa hali ya hewa waliona ni ajabu. Doa Jekundu lina mgandamizo mkubwa katikati. Kwa vile liko kusini mwa ikweta ya Mshtarii, huzunguka kinyume cha saa, ilhali Freddy ilifuata saa. Pembezoni mwake upepo hupita kilomita 400 kwa saa.

Linadumuje? Shika donge la unga wa chapati kati ya viganja, kimoja kiende mbele, kingine kirudi nyuma. Donge litazunguka maadamu viganja havijasimama. Doa limebanwa vivyo hivyo: kaskazini yake upepo unakwenda magharibi, kusini unakwenda mashariki. Hakuna pwani wala mlima wa kulivunja nguvu, joto linapanda kutoka tumboni mwa sayari, na dhoruba ndogo zinazolisogelea humezwa. Vipimo vya chombo cha anga cha Juno vimeonyesha kwamba linashuka kilomita mia kadhaa chini ya mawingu.

Hata hivyo linasinyaa. Mwishoni mwa karne ya 19 urefu wake ulikaribia kilomita 40,000. Vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1979 vilikuta kama 23,000. Siku hizi ni 16,000 hivi, bado kubwa kuliko Dunia nzima. Madoa ya aina hii huweza kutoweka kabisa: Doa la Giza la sayari ya Neptuni, lililopigwa picha mwaka 1989, halikuonekana tena darubini ya Hubble ilipolitafuta mwaka 1994.

La Mshtarii bado lipo. Kwa darubini ya wastani, hewa ikiwa imetulia, utaliona kama alama hafifu ya rangi ya tofali kwenye mkanda wa kusini. Mshtarii hujizungusha kwa saa 10 tu, hivyo ukikaa macho utaliona likichomoza ukingo mmoja na kuzamia wa pili usiku huohuo.