“Dada, Hiyo Ni Chanjo Tu”: Wanayoamini Wakimbizi Wengi Kuhusu TB Iliyolala

Mtu aliyetoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale akipokelewa Marekani, katika miezi mitatu ya mwanzo hupitishwa kliniki kupimwa afya, na damu yake hupimwa TB pia. Kipimo kikiwa chanya huletwa kwetu, wauguzi wa kliniki ya TB. Kabla sijamaliza kueleza, anakunja mkono wa shati na kunionyesha kovu: “Dada, hiyo ni chanjo tu. Nilichomwa BCG nikiwa mtoto.” BCG ni chanjo ya TB, naye anamaanisha kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyofanya kipimo kiwe chanya. Hakuna ninachokisikia mara nyingi kuliko hiki, na hakuna kinachonichosha zaidi, maana wengi wanaokisema walielezwa hivyo na mhudumu wa afya.

Maelezo hayo ni ya kipimo cha zamani. Kile cha ngozi, unachochomwa sindano mkononi na kurudi baada ya siku mbili au tatu kupimwa uvimbe, kinaweza kweli kuvurugwa na BCG. Cha damu hakivurugwi. Kinachoangaliwa ni kama chembe zako za kinga zinazitambua protini mbili, ESAT-6 na CFP-10. Protini hizo zimo kwenye vimelea vya TB, na kwenye BCG hazimo. Hata ungechanjwa mara kumi, chanjo haiwezi kukufanya uwe chanya kwenye kipimo hiki. Kwa mtu aliyekulia Kivu, mashariki mwa Kongo, akalala miaka kambini kwenye nyumba iliyobanana, jibu chanya lina maana ya kawaida kabisa: siku moja alivuta hewa yenye vimelea vya TB, vikaingia na kubaki.

Na tusiidai BCG isichokiahidi. Imetumika tangu 1921, na kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na TB ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Kinga yake kwa mapafu ya mtu mzima ni dhaifu. Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda huwachanja watoto wachanga, na zote nne Shirika la Afya Duniani liliziweka, kwenye orodha yake ya 2021 hadi 2025, kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kovu lingetosha, zisingekuwa humo.

Jibu la pili huwa: “Mbona sikohoi? Hata picha ya kifua kabla ya kupanda ndege ilikuwa safi.” Ni kweli, na ndiyo maana tunasema vimelea vimelala. Picha safi inaonyesha mapafu hayakuwa yanaugua siku ile. Haisemi kama kuna vimelea vilivyojificha. Huumwi na humwambukizi mtu. Kula na wanao sahani moja, mbebe mjukuu, nenda kanisani au msikitini. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wako hivyo. Lakini moto uko chini ya jivu: bila dawa, kati ya watu 100 wa aina hii, 5 hadi 10 wataugua TB kamili wakati fulani maishani, na hatari ni kubwa zaidi miaka miwili ya mwanzo baada ya kuambukizwa. VVU huiongeza sana. Kisukari pia, na hicho ndicho kinachonitia hofu, maana wengi wanafika wembamba na baada ya miaka michache ya zamu za usiku na soda sukari imeshapanda.

Dawa zenyewe si zile za miezi tisa ambazo watu bado wanasimuliana. Siku hizi kuna isoniazid na rifapentine mara moja kwa wiki, wiki 12 tu. Mtu mzima humeza kama vidonge 10 kwa mkupuo, pamoja na vitamini B6, na najua vinatisha vikiwa kiganjani. Kula ugali wako kwanza, meza taratibu, na chagua siku usiyokwenda kazini. Njia nyingine ni rifampicin kila siku kwa miezi minne. Mkojo, jasho na machozi vitakuwa vya rangi ya chungwa. Hiyo ni dawa, si damu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, macho yakawa ya njano, au chakula kikakukinai, acha dawa na upige simu kliniki siku hiyo hiyo. Ini halisubiri miadi. Na pombe iache mpaka umalize.

Sasa akina mama, hili halisemwi vya kutosha. Dawa hizi hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti. Wengi wenu mmekuja na kijiti mkononi kutoka kambini. Sema, hata usipoulizwa. Nanyi wauguzi wenzangu, ulizeni mume akiwa nje ya chumba na mkalimani akiwa mwanamke. Mkiuliza mbele ya ukoo mzima mtajibiwa “hapana”.

Mengine nayataja kwa haraka. Damu yako haiuzwi, kama wengine wanavyodhani. Zile chupa nne za kipimo cha damu zenye vifuniko vya kijivu, kijani, njano na zambarau zinachukua mililita moja kila moja. Zote pamoja hazijazi kijiko cha chai. Kuwa na vimelea vilivyolala hakukunyimi green card, yaani kibali cha kuishi Marekani daima. VVU nayo iliondolewa mwaka 2010 kwenye orodha ya magonjwa yanayomzuia mtu kuingia Marekani, kwa hiyo usitufiche dawa unazomeza: rifampicin hugongana na baadhi ya ARV, yaani dawa za VVU, na ni lazima tupange. Mkalimani ni haki yako na hulipi, hata kwa simu. Kumkalisha binti wa miaka 12 amtafsirie mama yake habari za kijiti ni kuwaonea wote wawili, na daktari anayekubali hilo kwa kuwa ana haraka anakosea.

La mwisho ni kurudia kipimo. Watu humaliza dawa, wakapimwa mahali pengine, wakakuta bado ni chanya na kuja wakilia kwamba dawa imeshindwa. Haikushindwa. Kinga ya mwili haisahau, na kipimo kinaweza kubaki chanya maisha yote. Ushahidi wako ni barua ya kumaliza dawa. Ipige picha na uihifadhi kwenye simu. Ukiomba kazi ya kutunza wazee, wakitaka upimwe TB, toa barua hiyo kwanza. Watakuuliza dalili, pengine watataka picha ya kifua, basi.