Baridi yabisi hailetwi na baridi, na jeni si hukumu

Jina lenyewe linatupotosha. Tukisikia "baridi yabisi", ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, tunadhani mtu alilala sakafuni au alilowa mvua. Basi watazame watu wa jamii ya Pima, wenyeji asilia wa Arizona, jangwani ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Watafiti walikuta takriban watu wazima 5 katika kila 100 wanaugua, ilhali kwingi duniani hafiki hata mmoja.

Hapo huzuka dhana nyingine, nayo inaniuma zaidi: kwamba wana "damu mbovu". Si kweli. Jeni inayotajwa sana, HLA-DRB1, kila binadamu anayo. Kazi yake ni kuunda protini iliyo kama kiganja: hushika vipande vya protini nyingine na kuvionyesha kwa askari wa kinga. Jeni hiyo ina aina nyingi. Mwaka 1987 wanasayansi walieleza kwamba zile za hatari zinafanana sehemu moja ndogo ya kiganja hicho. Wazungu wengi wanaougua wana aina ya 0401. Kwa wenyeji asilia wengi wa Amerika Kaskazini iliyoenea ni 1402. Ile sehemu ndogo ya kiganja ni karibu ileile.

"Ninayo, basi nitaugua tu." Hapana! Pacha wa kufanana akiugua, mwenzake hupata katika takriban jozi 15 tu kati ya 100. Na kwa Pima hao hao, wagonjwa wapya walipungua sana katika miaka 25 hivi kabla ya 1990. Jeni za watu hazigeuki upesi hivyo. Kilichobadilika ni maisha. Sigara, kwa mfano, hugeuza umbo la protini mapafuni, na kile kiganja hupenda kushika vipande vilivyogeuzwa. (Nasema sigara za dukani, tumbaku ya ibada ya Waojibwe, wenyeji asilia wengine wa Amerika Kaskazini, ni jambo lenye heshima yake.)

Tena usiseme ni uzee. Miongoni mwa wenyeji asilia Wakrii na Waojibwe wa jimbo la Manitoba, Kanada, ugonjwa huwaanza wengi wakiwa bado vijana. Mama anaamka, vidole vimevimba, mkono haukunjiki kushika kikombe, na saa nzima inapita kabla haujalegea. Huyo anahitaji daktari mapema, kwani dawa kama methotreksati hufaa zaidi viungo vikiwa bado vizima. Katika vijiji vya kaskazini visivyo na barabara, daktari bingwa hufikiwa kwa ndege, na mifupa ya vidole huendelea kuliwa wakati mama huyo akisubiri zamu yake.