Mfadhili akifunga virago, programu huria inabaki na nani?

Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina moja. Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wamehangaika miaka mingi kueleza kwamba "free" yao ni ya uhuru, si ya bei. Sisi tuna "bure" na tuna "huria". Programu ya bure hulipii. Programu huria unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua uone ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumpa mwenzako, na leseni yake inasema hivyo kwa maandishi. Ukivichanganya hivi viwili kwenye kikao cha mradi pale Lindi au Mtwara, gharama yake utaiona mradi ukishafungwa.

Angalia UNESCO. Kuanzia 1985 ilisambaza CDS/ISIS ya kompyuta ndogo, programu ya kuorodhesha vitabu na nyaraka, na maktaba nyingi za Afrika ziliipata bila kulipa. Ilikuwa ya bure, haikuwa huria, kwa kuwa msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, ulibaki kwa wenyewe. Baadaye UNESCO ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, kusambaza Greenstone, programu ya maktaba za kidijitali yenye leseni huria ya GPL. Hapo mkutubi yeyote mwenye kijana anayejua kuandika programu aliweza kuirekebisha. Hapa nyumbani, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, kwa fedha za Sida, shirika la misaada la Sweden, walitoa Jambo OpenOffice: kuandika barua na kupiga mahesabu kwenye kompyuta yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu kutafsiri menyu bila kumpigia mtu magoti. Tatizo la kazi kama ile ni kwamba kila toleo jipya huja na maneno mapya, na maneno hayajitafsiri.

Siku hizi mashirika husukuma programu huria kwa njia tofauti kidogo. Ya kwanza ni kulipia kiini chenyewe. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya katika nchi zaidi ya 70, unatengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake iko Afrika Kusini ya baada ya 1994. Wafadhili kama Norad ya Norway, Global Fund, Gavi na wengine huchangia mishahara ya watengenezaji, kwa hiyo Tanzania hailipi leseni. Njia ya pili ni kuweka daftari la programu zilizokaguliwa. Muungano wa Bidhaa za Umma za Kidijitali ulioanzishwa 2019 na Norway, Sierra Leone, UNICEF na iSPIRT ya India hupima kila programu kwa vigezo tisa, leseni na ulinzi wa taarifa za watu vikiwamo. Halafu kuna masharti ya fedha: mfuko wa ubunifu wa UNICEF huwapa mtaji vijana wenye kampuni changa kwa sharti kwamba msimbo wao uwe wazi. Benki ya Dunia ililipia Ramani Huria jijini Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo walichora mitaa yenye mafuriko ndani ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. FAO nayo, kwa fedha za Finland, ilijenga Open Foris kwa ajili ya hesabu za misitu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kwenye mpango huo.

Zote ni njia nzuri. Ila tazama fedha zinaishia wapi: kwenye msimbo, kwenye warsha, kwenye simu za awamu ya kwanza. Haziendi kwa mtu anayebaki Liwale na mfumo.

Kutoka kitabu cha MTUHA hadi kwenye skrini

Mwuguzi wa zahanati anajaza Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya; kitabu hicho ni cha wagonjwa wa nje. Mwisho wa mwezi anajumlisha kwa vijiti, anahamishia jumla kwenye fomu ya taarifa, fomu inapelekwa halmashauri kama zahanati haina kompyuta, na huko inaingizwa DHIS2. Makosa ya kujumlisha kila mtu anayajua. Nitaje yale ambayo mfumo wenyewe huyazalisha, kwa sababu hayo ndiyo huwafanya watu waseme "programu ni mbovu".

Kosa linaloongoza ni sifuri. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka kipengele husika kiwe kimewekewa ruhusa hiyo. Zahanati iliyoandika vifo 0 vya malaria itaonekana sawa na zahanati iliyoacha kisanduku wazi. Dawa yake ni kuwasha ruhusa hiyo kwenye vipengele vichache ambavyo sifuri yake ina maana, kama vifo vya uzazi au siku ambazo dawa iliisha. Usiiwashe kwenye vyote, hifadhidata itajaa masifuri.

Halafu kuna kitufe cha kukamilisha. Asilimia ya vituo vilivyoripoti huhesabiwa kwa kitufe hicho, si kwa tarakimu zilizojazwa. Unaweza kujaza fomu nzima, ukasahau kukibonyeza, na kituo chako kikasomwa mkoani kwamba hakijaleta taarifa. Aidha majedwali ya uchambuzi hujengwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Ulichoingiza saa nne asubuhi usikitafute kwenye grafu saa tano.

Intaneti ikikatika katikati ya kazi, fomu ya kuingiza takwimu huzitunza ndani ya kivinjari cha kompyuta ileile mpaka mtandao urudi. Kivinjari hichohicho, kompyuta hiyohiyo. Mtu akija "kusafisha" kompyuta ili iwe nyepesi, takwimu za siku mbili zimekwenda na maji.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulishtukia kwa kuchelewa: kituo kikihamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ndani ya mfumo, takwimu zake zote za nyuma huhama nacho. Mahali kama Nanyamba, iliyomegwa kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, ni lazima ulijue hili kabla ya kulinganisha miaka. Jumla ya zamani ya halmashauri mama itaonekana imeshuka, na hakuna aliyeiba namba. Chapisha au hifadhi ripoti za mwaka kabla ya kuhamisha.

Dodoso la korosho kwenye simu

Kwa kazi za vijijini, ODK na KoboToolbox (Kobo), programu huria za kujazia madodoso kwenye simu, ndizo zinazotawala. ODK ilizaliwa Chuo Kikuu cha Washington. Kobo ilijengwa juu yake na watu wa Harvard waliokuwa wakifanya kazi za maafa, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yakaieneza. Dodoso unaliandika kwenye jedwali la kawaida la LibreOffice lenye kurasa tatu: "survey" ya maswali, "choices" ya majibu, "settings" ya jina na lugha. Faili hilo ndilo mali yenyewe. Mwenye faili anaweza kuhama seva yoyote kesho asubuhi.

Sasa tuseme unahesabu mashamba ya korosho Tandahimba. Namba ya simu usiiweke kama tarakimu, maana 0 ya mbele itamezwa. Iweke kama maandishi, kisha kwenye safu ya "appearance" andika "numbers" ili kibodi ya namba ifunguke. Picha ya stakabadhi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, iwekee "max-pixels=1024" kwenye safu ya "parameters". Bila hivyo picha ya simu ina MB 3 hadi 5, na fomu 30 za siku zinakula MB 90 hadi 150 za bando. Ukipunguza, zinashuka hadi MB chache na maandishi bado yanasomeka.

Idadi ya mikorosho inaweza kujikagua yenyewe. Nafasi inayopendekezwa ni mita 12 kwa 12, yaani mkorosho mmoja kwa mita za mraba 144. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo inachukua miti 28 hivi. Mashamba ya wazee yamebanana zaidi, kwa hiyo usiweke kizuizi kinachomkatalia mkulima jibu lake. Weka ujumbe unaojitokeza miti ikizidi 40 kwa ekari, umwambie mdodosaji aulize tena. Kizuizi kigumu huwafundisha wadodosaji kubuni namba ambayo simu itaikubali, na ukishafika hapo dodoso zima halina thamani.

"Msimu uliopita" ni swali bovu. Korosho huvunwa na kuuzwa kuanzia kama Oktoba na kuvuka mwaka, hivyo mmoja atakujibu ya mwaka jana na mwingine ya mwaka juzi. Andika "msimu wa 2023/2024". Uliza kilo zilizo kwenye stakabadhi, si magunia. Na usitegemee mtu akuambie aliuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya utaratibu, wakati jina lake na picha ya nyumba yake viko kwenye fomu hiyohiyo. Kama unalihitaji jibu hilo, fanya dodoso la pili lisilo na majina.

Ukiwa umeanza kazi, usibadilishe jina la swali kwenye safu ya "name". Ukibadili "miti" kuwa "idadi_miti" siku ya tatu, matokeo yatatoka kwenye safu mbili na utashinda usiku ukiziunganisha. Lebo anayoiona mdodosaji badili upendavyo.

Mipaka ya shamba ndiyo inayoleta ugomvi. Chini ya mkorosho mkubwa GPS ya simu huyumba, maana majani ni mazito. Tembea ukingoni, nje ya kivuli, na usubiri usahihi ushuke hadi mita 5 au chini kabla ya kuchukua nukta. Hesabu ni hii: ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63.6 hivi. Ukikosea mita 5 kwenda nje kila upande, upande unakuwa 73.6 na shamba linasomeka ekari 1.34. Ukikosea kwenda ndani, ni ekari 0.71. Kwa mtu mwenye ekari moja, simu haitoshi kugawia pembejeo. Pima kwa kamba au hesabu miti.

Kisha nukta hizo zinakwenda QGIS, programu huria ya ramani, kukutana na ramani za zamani za serikali. Kila ramani ina mfumo wake wa kupima mahali. Simu inatumia WGS 84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960. Ukanda wetu wa ramani (UTM) ni wa 37 Kusini kwa mifumo yote miwili, kwa hiyo ni rahisi kuchagua usio wake kwenye orodha ya QGIS: namba 32737 ni WGS 84, 21037 ni Arc 1960. Ukikosea, kila kitu kinasogea mita 300 hivi, na kisima cha kijiji kinatua kwenye shamba la jirani. Ukiona mtelezo unaofanana ramani nzima, huko ndiko kwa kuangalia kwanza, kabla hujamlaumu mdodosaji.

Funguo ziko kwa nani

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Kusini pale Somanga, Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Hali kama hiyo ndiyo kipimo. ODK Collect, programu ya ODK ya kwenye simu, ikiwa na dodoso ndani inaendelea kujazwa. OsmAnd, programu ya ramani ya simu, yenye ramani ya OpenStreetMap iliyopakuliwa mapema inaendelea kuonyesha njia. Mfumo ambao hata kuingia tu unahitaji seva ya ng'ambo, unakaa nao mkitazamana.

Na hapo ndipo uhuria wa leseni unapokuwa wa karatasini au wa kweli. Mara nyingi akaunti ya Kobo imefunguliwa kwa baruapepe ya mtu wa mradi. Mkataba wake ukiisha, dodoso, takwimu na ruhusa za wadodosaji zote zinaondoka naye, ingawa kila mstari wa msimbo ni huria. Akaunti ifunguliwe kwa baruapepe ya ofisi, nywila ikae kwa watu wawili. Ulizeni pia seva iko nchi gani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na orodha ya wakulima yenye simu na mahali wanapoishi ni taarifa za watu. ODK Central, programu ya seva ya ODK, inaweza kukaa kwenye seva ndogo ya GB 2 za kumbukumbu hapa nchini. Seva si kazi. Kazi ni mtu wa kuisasisha na kuangalia kila wiki kama nakala rudufu inafunguka, na mtu huyo hayumo kwenye bajeti nyingi za wafadhili, kwa hiyo aingizwe kwenye bajeti ya halmashauri mwaka wa kwanza, siyo wa mwisho.

Siku ya makabidhiano, achaneni na vyeti kwanza. Chukueni kompyuta ambayo haijawahi kuugusa mfumo, rudisheni nakala rudufu humo, mtoe namba moja inayojulikana, mathalani jumla ya wakulima wa kata moja, mlinganishe na ripoti. Kisha afisa TEHAMA ambaye hakuhudhuria mafunzo aongeze kijiji kimoja kwenye orodha ya dodoso, alipeleke upya, na simu mbili zilipokee. Akikwama, msisaini.