Ile kulabu hukuiona, uliisikia

Jumamosi moja pale maskani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mada ilikuwa picha za zamani za kutisha, zile zenye mashabiki wanaozirudia kila mwaka kama wanahiji: ipi kati yao ni katili kuliko zote? Rafiki yangu mmoja, fundi magari, mtu anayezijua picha hizo kuniliko, akaapa kwamba katika The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974 aliiona kulabu ya bucha ikizama mgongoni mwa yule dada mpaka ndani. "Nimeiona kwa macho yangu haya mawili, kaka. Na damu ikachuruzika."

Mimi kazi yangu ni sauti. Nachanganya sauti za filamu na tamthilia hapa Dar es Salaam, na tukio lile nimelipitia fremu kwa fremu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya mke wangu. Kulabu haizami popote. Lile jitu lenye kinyago linambeba yule dada, linamwinua, linamtundika. Kamera imekaa mbele yake, kulabu iko nyuma yake. Tunachokiona ni uso na miguu inayotapatapa, na sakafuni, chini ya miguu hiyo, kuna beseni la bati. Basi. Beseni ndilo linalofanya kazi chafu, maana kila aliyewahi kusimama buchani anajua chombo kinachowekwa chini ya nyama iliyotundikwa ni cha nini. Mwongozaji, Tobe Hooper, alibana damu kwa makusudi akitumaini picha yake ipewe daraja la PG, yaani hata watoto waruhusiwe kuingia, wazazi wakishauriwa tu kuwa waangalifu. Hakulipata, wakampa R, ambalo mtoto haingii bila mzazi au mtu mzima. Walioigawia daraja nao, nadhani, waliiona kulabu.

Sasa fundi wangu aliiona wapi? Sikioni. Sikiliza tukio lile ukiwa umefumba macho. Yowe la yule dada halikatiki mahali ambapo ungetegemea likatike. Juu ya yowe hilo inavutwa kamba ya chenso, ule msumeno wa injini, injini inakohoa, inashika, halafu inanguruma kwa mfululizo bila kumpa msikilizaji nafasi ya kupumua. Hooper na mwenzake Wayne Bell walitengeneza muziki wa picha ile kwa kugonga na kukwaruza vitu; hutapata humo wimbo wa kuuimba bafuni. Sikio linapokosa wimbo wa kushika, linaanza kutafuta maana kwenye kelele, na maana linayoipata linaipeleka kwenye jicho. Jicho linaapa kwamba limeona.

Ukitaka kunibishia, fanya jaribio moja kabla hujaandika chochote. Chukua picha yoyote inayokutisha, nenda kwenye tukio lile lile linalokuamsha usiku, zima sauti kabisa. Utawaona watu wazima wakikimbizana, mmoja kavaa kinyago. Kisha igeuze: washa sauti, geuzia skrini ukutani. Nimewafanyia hivyo vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu, na kila mara wanaoomba tuwashe taa ni wa mzunguko wa pili.

Mwongozaji John Carpenter alilijua hili kwa njia ngumu. Amesimulia kwamba Halloween, ya mwaka 1978, alimwonyesha bosi mmoja wa studio kubwa kabla haijawekwa muziki, na yule mama hakutishika hata kidogo. Baadaye picha ikatoka, akakutana naye tena, naye safari hii akawa anaipenda. Kilichobadilika ni muziki. Na muziki wenyewe si okestra ya watu themanini. Bajeti ya picha nzima ilikuwa kama dola 300,000 hivi, kwa hiyo Carpenter aliutunga na kuupiga mwenyewe kwa kinanda na sinthesaiza. Siri yake iko kwenye hesabu. Ngoma nyingi tunazotembea nazo zinahesabika nne nne: moja, mbili, tatu, nne, na mguu unajua pa kukanyaga. Yeye alipiga tano. Hesabu hiyo alifundishwa na baba yake, mwalimu wa muziki, kwa kugonga ngoma ndogo za bongo alipokuwa mtoto. Ukiisikiliza, mwili unataka kutulia kwenye pigo la nne na pigo la tano linakufukuza. Unakimbia ukiwa umekaa kwenye kochi.

Halafu kuna Psycho, ya mwaka 1960, ambayo kila mpenzi wa picha hizi lazima aifikie hata kama alianzia mbali. Tukio la bafuni lilipigwa kwa siku saba, na kuchomwa kisu kwenyewe hakufiki dakika moja. Damu ni sharubati nzito ya chokoleti, kwa kuwa picha ni ya nyeusi na nyeupe na chokoleti ilikuwa inaonekana vizuri. Kisu unakiona kikipanda na kushuka; kuhusu zile fremu ambapo ncha iko tumboni, watu wanabishana mpaka leo. Ila sauti ya kisu haina ubishi: ni tikiti likichomwa. Walimletea mwongozaji, Alfred Hitchcock, aina kadhaa za matikiti, akasikiliza huku amefumba macho, akachagua aina iitwayo casaba, yenye nyama nene.

Na alitaka tukio lile lisiwe na muziki kabisa! Maji, mapazia, kisu, yowe, basi. Mtunzi wake Bernard Herrmann akaandika muziki hata hivyo, akamsikilizisha, mzee akakubali kwamba alikosea. Mimi nampenda Hitchcock zaidi kwa hilo kuliko kwa picha zake nusu.

Herrmann alitumia nyuzi peke yake katika picha nzima: hakuna tarumbeta, hakuna ngoma. Zile fidla zinazolia juu kabisa, kila mmoja ameshaziigiza kwa mdomo akitania. Zinafanya kazi kwa sababu zinaiga kitu ambacho mwili unakijua kabla ya kujua lugha. Yowe la binadamu lina ukwaruzo: sauti inatikisika kwa kasi, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, kasi ambayo maongezi ya kawaida hayaifikii. Ubongo unausoma ukwaruzo huo kama hatari. Upinde ukikandamizwa kwenye uzi kwa nguvu unatoa ukwaruzo wa jamii hiyo hiyo, na chenso nayo, ukiisikiliza, ni wa ukoo huo. Fundi wangu hakudanganywa na Hooper, alidanganywa na masikio ya mababu zake.

Jambo moja linalonichosha kwenye mabishano ya mashabiki ni kudharau ule mstuko wa ghafla, wanaouita ujanja wa bei rahisi. Rahisi kwa nani? Wa kwanza uliobaki na jina ni wa mwaka 1942, katika Cat People ya Jacques Tourneur, iliyosimamiwa na Val Lewton. Mwanamke anatembea usiku kando ya bustani, nyuma yake kuna mwingine anayemfuata. Tunasikia viatu vya wote wawili. Kisha jozi moja inanyamaza. Mwanamke anaongeza mwendo, anageuka, hakuna mtu, anasimama, na hapo kitu kinafoka kwa sauti kali karibu na sikio lako. Ni basi. Breki za upepo za basi la abiria. Tangu hapo mafundi wa kazi hii wakauita mstuko wa namna hiyo "basi".

Uzuri wa basi lile haumo kwenye breki, umo kwenye viatu. Nikitaka kukustua, kazi yangu kubwa ni zile sekunde kumi na tano za kabla yake. Nashusha sauti za mazingira polepole sana usigundue: upepo kidogo, mbwa wa mbali, kisha nyenje. Nyenje nawatoa wa mwisho, kwa kuwa usiku wa kwetu bila nyenje si usiku, kuna kitu kimepita. Wewe unasogea mbele kwenye kiti bila kujijua ili usikie vizuri. Ukishasogea, nimekupata. Sauti yenyewe naiweka fremu moja au mbili kabla ya picha. Fremu ziko 24 kwa sekunde, na mwili hujibu sikio upesi kuliko jicho, hivyo unaruka kabla hujajua unaruka kwa nini, halafu picha inakuja kukupa sababu.

Sasa njoo kwenye kazi zetu za hapa. Niliwahi kupewa filamu ya mzuka, imepigwa vizuri tu, na mwongozaji akanijia na flashi ya "sauti za kutisha" alizopakua: bundi, paka, radi, kicheko cha mchawi. Alitaka zote, tena kwa pamoja, tena kuanzia dakika ya kwanza, na sabufa ifunguliwe mpaka vioo vitetemeke. Nilimwomba tuache dakika tatu za kimya cha nyumba: tangi la maji likidondoka, bati likijikunja usiku baada ya jua kutwa. Akasema watazamaji watadhani spika imekufa. Alikuwa mteja, nikafanya alichotaka. Jina la filamu silitaji, na langu kwenye orodha ya mwisho niliomba wasiliandike.

Hofu yake naielewa lakini. Wengi wetu tulilelewa na vibanda umiza, ambako kulikuwa na jenereta nje, feni juu, watu hamsini kwenye mabenchi, na msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya picha, mtindo ambao Lufufu aliupa jina mjini hapa. Kimya kwenye kibanda hakikuwepo. Picha ya kutisha mle ndani ilikuwa kichekesho, maana msimulizi angemwambia steringi "we dada, usiingie humo, utakufa" na kibanda kizima kikaitikia. Ni burudani nyingine kabisa, nami siibezi. Lakini mtu aliyeiona Psycho kibandani hajaisikia.

Kwa wanaouliza kwenye ujumbe sauti ya kisu mimi naitoa wapi: casaba sikuwahi kuipata sokoni. Nimejaribu tikiti maji, linatoa sauti ya majimaji mno, kama mtu anakanyaga dimbwi. Boga ni kavu. Kabichi inafaa kwa mfupa, hasa ukiivunja kwa mikono. Kwa kisu kinachoingia mwilini, papai ambalo halijaiva sawasawa, linalochomwa kwa kisu kirefu huku maikrofoni iko kama sentimita 20, na limefungwa kwa kanga iliyolowa. Kanga ndiyo ngozi.

Nirudi maskani. Wiki iliyofuata nilikwenda na kompyuta, nikamwekea fundi tukio lake, nikalisogeza fremu moja moja mbele ya mashahidi wanne. Nikamweleza pia kwamba bodi ya ukaguzi ya Uingereza iliikataa picha ile mwaka 1975, na baadaye walipojaribu kuikata ili ipite, wakaona mkasi hausaidii, maana kilichowasumbua hakikuwa kwenye kipande chochote. Ikapitishwa bila kukatwa mwaka 1999. Fundi alitazama mpaka mwisho, akaomba nirudishe, akatazama tena. Kisha akanigeukia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Kaka, wamekuuzia kopi iliyokatwa."